Miezi saba ya kufunga tabo kwenye Land Cruiser yangu

Kati ya Mto wa Mbu na Karatu barabara inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na dereva yeyote wa Arusha aliyewahi kupita pale na gari la dizeli lisilo na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, anazijua zile kona vizuri. Unaanza kule chini, mita kama 960 juu ya usawa wa bahari, ukiwa gia ya tatu. Kabla hujaimaliza kona ya pili umeshashuka gia ya pili, moshi mweusi umetanda nyuma yako, na magari ya watalii yaliyokuwa nyuma yanakupita moja baada ya jingine. Nimeipanda njia hiyo mara nyingi, kwa kuwa wazazi wangu wana shamba Karatu na mimi ndiye ninayewabebea mbolea wakati wa kwenda na maharage au vitunguu vya Mang'ola wakati wa kurudi. Gari langu ni Land Cruiser mkonga ya mwaka 1996 yenye injini ya 1HZ: silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, nguvu za farasi zipatazo 130, bila tabo na bila kompyuta.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi wa kusomea, ingawa nimeshika spana tangu nikiwa mvulana. Kwa hiyo sababu ya gari kukosa pumzi mlimani niliijua kabla sijajua dawa yake. Injini isiyo na tabo hupumua hewa iliyopo tu, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Ukifika kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, mgandamizo wa hewa umebaki kama robo tatu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Pampu ya dizeli ya gari langu haina habari na jambo hilo. Inaendelea kumwaga dizeli ile ile, sehemu yake inakosa hewa ya kuungulia, na hiyo ndiyo inayotoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Tabo huutumia moshi unaotoka kuzungusha feni moja, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hataza fikra hiyo mwaka 1905, na huwa ninawafundisha wanafunzi wangu kwa kuwa ni mfano mzuri wa nishati iliyokuwa inapotea ikarudishwa kazini. Kuifundisha ubaoni hunichukua dakika arobaini. Kuifunga kwenye gari langu mwenyewe kulinichukua kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, wakati nilikuwa nimejipangia wiki mbili za likizo.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, kumwona fundi mmoja mzee ambaye amezifungua injini za 1HZ tangu zilipoanza kuingia nchini. Nilimkuta amekaa juu ya ringi ya tairi, akisafisha nozeli kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasumbua?"

Nikamweleza nia yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unataka likimbie, au unataka lipande?"

"Lipande, mzee."

"Basi nenda katafute kipimo cha joto la moshi. Ukifunge kwenye manifodi, upande nalo Mto wa Mbu hivyo hivyo lilivyo, halafu uje uniambie limesoma ngapi. Habari za tabo tutaongea siku hiyo."

Sikupendezwa na jibu lake, kwa maana nilikwenda kuuliza tabo nikapewa kazi ya kununua geji. Leo ninaamini kwamba lile ndilo shauri lililoiokoa injini yangu. Nilitoboa tundu kwenye manifodi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote, nikafunga kipimo, na Jumamosi iliyofuata nikapanda nikiwa na magunia manne ya mbolea. Kwenye kona ya tatu mshale ulisoma nyuzi 690 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na pistoni zangu ni za mchanganyiko wa alumini. Haziyeyuki kwa sababu joto lile huzipiga kwa mikupuo mifupi huku maji na oili vikiendelea kulibeba. Hata hivyo, niliposoma namba ile nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba injini yangu ilikuwa inateseka kwenye ule mlima hata kabla sijaiongezea kitu. Mafundi wanaozijua hizi injini watakuambia kwamba zikipata joto la kupita kiasi kwa muda mrefu, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, hupata nyufa kati ya vali.

Kule Australia, ambako 1HZ imetumika sana mashambani na machimboni, vinauzwa vifurushi kamili vya kuifungia tabo: manifodi, mabomba, gasketi na kila bolti. Bei yake pamoja na kusafirisha na ushuru ilinizidi kimo. Nikaamua kununua tabo iliyotumika, na vilivyobaki nivitengeneze mwenyewe kwa msaada wa fundi wa kuchomelea na fundi wa kukereza vyuma.

Tabo ya kwanza nilinunua kwa kuangalia picha nilizotumiwa kwa simu. Ilipofika kwa basi nikaifungua kwenye meza ya jikoni, nikaingiza kidole na kuizungusha feni, nikasikia inagusa ukuta wake. Nilikuwa nimeula wa chuya. Muuzaji aliacha kupokea simu zangu, na shilingi 650,000 zikawa zimekwenda. Ya pili niliifuata mwenyewe Dar es Salaam, nikiwa nimeshajua la kutazama. Shafti, ule mhimili unaoziunganisha feni mbili, ikisukumwa pembeni huruhusiwa kucheza kidogo, kwa sababu beringi zake huelea ndani ya oili na ikiwa kavu nafasi hiyo lazima uisikie. Lakini ikivutwa kwenda mbele na kurudi nyuma haitakiwi kucheza kwa kiasi ambacho kidole kinatambua. Kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakisamehe nafasi ya unene wa karatasi.

Manifodi ndiyo iliyoanza kunifundisha adabu. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea moja kwa bomba la kawaida la maji, na bamba la kufungia kwenye silinda hedi alilikata kipande kimoja kirefu chenye matundu sita. Siku ya kulichukua lilipendeza macho. Nilipoweka rula ya chuma juu yake niliona mwanga ukipita katikati, nafasi ya milimita mbili: joto la kuchomelea lilikuwa limelipinda kama upinde. Tulilipeleka kwa mkerezaji likasawazishwa, tukalifunga, na kwa majuma matatu nikadhani shida imekwisha. Kisha asubuhi moja, injini ikiwa bado ya baridi, nikasikia mlio wa chi-chi-chi uliokuwa ukififia kadiri injini ilivyopata moto. Ufa ulikuwa umefunguka kwenye mshono wa silinda ya nne.

Jambo lililoniuma ni kwamba hesabu yake ninaifundisha darasani. Chuma chenye urefu wa sentimita 60 kikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka kwa zaidi ya milimita tatu. Kile kipande kirefu kilikuwa kinataka kurefuka, na bolti kumi na kitu zilikuwa zinakikataza, kila siku, kila nilipowasha na kila nilipozima. Chenye kushindwa kilikuwa ule mshono. Manifodi ya pili tuliifanya kwa bomba nene la milimita nne, lile bamba tukalikata liwe vipande sita ili kila silinda iwe na chake, na matundu ya stadi, zile bolti zisizo na kichwa zinazofungwa kwa nati, tukayapanua kidogo ili chuma kipate pa kwenda. Wakati wa kuchomelea tulivifunga vile vipande vyote kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu tuliyoiazima, tukavifungua baada ya kupoa vyenyewe. Manifodi hiyo ipo hadi leo.

Halafu ikaja siku ya kuunganisha oili. Tabo hupewa oili na injini, na njia rahisi ni kuitoa pale inapokaa swichi ya taa ya oili, ukaweka kiungo cha T, upande mmoja swichi na upande wa pili bomba la kwenda kwenye tabo. Nilinunua kiungo dukani mjini, inchi moja ya nane, kama nilivyoambiwa. Nikakianza kwa vidole. Raundi ya kwanza ikaingia vizuri, ya pili ikaingia, na katikati ya raundi ya tatu kikawa kigumu. Nilishika spana nikakaza kidogo, nikahisi ule ugumu wa chuma kinachokataa, ambao ukiwahi kuupata huusahau. Nikakitoa. Kilikuwa kimeacha vumbi jembamba la shaba kwenye kidole changu. Nilitoka nje kwenye jua, nikashika swichi ya zamani mkono wa kushoto na kiungo kipya mkono wa kulia, nikazilaza thredi za kimoja juu ya nyingine kama mtu anayelinganisha meno ya vitana viwili. Mwanzoni zililingana. Mbele kidogo zikaanza kupishana, na mwanga ukaonekana katikati.

Nilichokuja kukijua jioni ile ni kwamba zipo inchi moja ya nane za aina mbili. Ya Kiingereza, ambayo ndiyo Wajapani wanayoitumia mahali hapo, ina thredi 28 kwa inchi. Ya Kimarekani ina 27. Kwa jicho ni kitu kimoja. Ningeendelea kukaza ningeharibu tundu lililomo kwenye bloku ya injini, au kiungo kingeshika vibaya na kikanitoka nikiwa njiani, na injini ya dizeli iliyomwaga oili yake yote haichukui dakika nyingi kunoki. Nilizunguka maduka ya Arusha siku mbili nikitafuta kiungo chenye thredi 28, nikakikosa, na mwishowe fundi wa kukereza akanitengenezea kwa kipande cha chuma kwa shilingi 15,000. Ni katika fedha chache za kazi hii ambazo sijawahi kuzijutia.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza mdogo wangu alikuja kunisaidia. Tulimimina oili kwenye tundu la juu la tabo, tukachomoa waya wa kufungulia dizeli kwenye pampu, tukaizungusha injini kwa starta bila kuwaka mpaka oili ikaonekana kwenye bomba la kurudi. Tukarudisha waya, tukawasha. Injini ikaunguruma, na juu ya mlio wake nikausikia ule mluzi mwembamba wa tabo niliokuwa nikiusubiri tangu Juni. Mdogo wangu alipiga makofi. Baada ya dakika kama kumi moshi ukaanza kutoka nyuma, mweupe wenye ubuluu, ukazidi, ukajaza ua mzima hadi jirani akaja kuuliza kama kuna kinachoungua.

Moshi wa namna ile ni oili inayoungua, na nikaamua hapo hapo kwamba sili za tabo zimekwisha. Niliifungua, nikaituma Nairobi kwa watu wanaokarabati tabo, ikakaa huko majuma matatu, nikalipa kiasi cha fedha za Kenya kilichokaribia shilingi 450,000 za kwetu. Ikarudi na beringi mpya. Nikaifunga, nikawasha, nikakaa kwenye kigoda nikitazama bomba la moshi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Dakika ya tisa moshi ukatoka ule ule. Usiku ule sikula. Nilikuwa nimekwishatumia fedha ambazo mke wangu alijua zilikuwa za kuezeka banda la kuku, na sikuwa na la kumwambia; naye, Mungu ambariki, hakuniuliza.

Kesho yake mzee wa Unga Limited alikuja nyumbani kwa bodaboda. Hakuigusa tabo. Aliinama, akalifuata kwa mkono bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo mpaka linapoishia, kisha akaniomba dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano na kisu. Akalikata dumu mdomo. Akachomoa mpira wa kurudishia oili kule chini, akauelekeza ndani ya dumu, akaliziba tundu la kule chini kwa bolti, akaniambia niwashe lakini nisiiache injini iungurume hivyo kwa zaidi ya dakika chache.

Nilitegemea kuona oili ikitiririka nyeusi na laini, kama inavyotiririka ukiibadilisha. Iliyotoka ilikuwa povu. Ilitoka kwa kutapika-tapika, rangi ya chai ya maziwa, ikapanda ndani ya dumu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na ilichukua muda kabla ya kutulia na kuwa oili tena. Nikatazama nyuma. Ule moshi ulianza kupungua, ukawa uzi, ukakatika kabisa.

"Umeona?" mzee akasema. "Oili inaingia kwenye tabo kwa kusukumwa. Kutoka haisukumwi na mtu. Inaanguka yenyewe. Sasa wewe umeiwekea njia ya kuanguka?"

Sikuwa nimeiwekea. Kwa kukwepa kazi ya kushusha sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, nilikuwa nimetumia mpira wa milimita 12, nikauzungusha kwenye mkono wa kushikilia injini ambapo ulipanda kidogo kabla ya kushuka, na nikauingiza kwenye tundu la bolti ya kumwagia oili, yaani chini kabisa, ndani ya oili iliyotuama. Povu haliwezi kupita kwenye mpira mwembamba, kupanda kilima na kisha kusukuma oili iliyoko chini ili lipate pa kuingia. Lilikuwa linajaa ndani ya tabo na kutafuta njia nyingine, na njia iliyokuwepo ni kupitia kwenye zile ringi ndogo za chuma zilizoko upande wa moshi. Hizo tunaziita sili, lakini si mpira wa kuzuia oili iliyojaa. Kazi yake hufanyika vizuri pale tu ambapo oili inaondoka kwa nafasi. Tabo ilikuwa nzima tangu mwanzo. Nilikuwa nimelipa laki nne na nusu kumtibu asiyeumwa.

Kushusha sampo kwenye Land Cruiser yenye eksili nzima mbele ni kazi ya kulala chali. Tulipandisha chesisi kwa jeki mpaka eksili ikaning'inia, tukaweka magogo, tukafungua bolti moja baada ya nyingine kwa jioni tatu, na oili iliyosalia ikatudondokea kwenye nywele kila tulipodhani imekwisha. Nilitoboa tundu upande wa juu wa sampo, juu ya usawa wa oili, nikachomelewa kipande cha bomba la milimita 22 kilichoinama kuelekea kwenye tabo, na nikaosha sampo kwa dizeli, kisha kwa mafuta ya taa, kisha nikaipitishia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu mpaka isitoke na unga wa chuma hata kidogo. Gasketi ya tyubu nikaiacha siku nzima ikauke. Bomba jipya la kurudishia lilishuka karibu wima, nene kama kidole gumba. Niliwasha tarehe 20 Novemba asubuhi. Nilikaa kwenye kile kigoda saa nzima, na moshi haukutoka tena hadi leo.

Mambo mengine yalinichelewesha lakini hayahitaji maneno mengi. Mpira wa rejeta nilioutumia kupitishia hewa ya tabo ulipasuka mara ya kwanza tu gari lilipovuta kwa nguvu, kwa sababu mpira ule haukutengenezwa kwa ajili ya mvuke wa oili na presha ya namna hiyo. Nikanunua wa silikoni na klipu pana zenye bolti. Kisha, katika joto la Desemba, gari likaanza kuchemsha kwenye barabara ya Makuyuni, na nilipolifungua rejeta mirija yake mingi ilikuwa imeziba kwa kutu ya miaka. Tabo haikuliziba. Ilidhihirisha tu ugonjwa ambao nguvu ndogo ya zamani ilikuwa inauficha.

Niseme kwa kirefu zaidi habari ya dizeli, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiua injini zao. Tabo peke yake, bila kuigusa pampu, hupunguza joto la injini kama hii mlimani: hewa inaongezeka, dizeli ni ile ile, inaungua yote na moshi wake unatoka ukiwa umepoa zaidi. Nilipopanda Mto wa Mbu mara ya kwanza na mzigo ule ule wa magunia manne, geji ya presha ikisoma 0.4 bar, mshale wa joto ulisimama kwenye 560 pale pale ulipokuwa ukisoma 690. Nyuma hapakuwa na moshi. Gari lilipanda gia ya tatu mpaka kona ya nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nilinunue, na nikiri kwamba nilitoa sauti ndani ya gari nikiwa peke yangu.

Lakini nguvu yenyewe huletwa na dizeli, na nyuma ya pampu kuna skrubu ya kuiongeza, yenye nati yake ya kuilinda. Ukiizungusha unasikia tofauti siku hiyo hiyo. Niliiacha mwezi mzima kwa amri ya mzee. Kisha, kabla ya kuigusa, niliweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, mstari mwekundu unaopita kwenye nati na kwenye skrubu, ili nijue pa kurudi. Nikaiongeza sehemu ya nane ya raundi. Joto likawa 610 mlimani, na gari likavuta kwa namna iliyonifurahisha. Nikaiongeza sehemu ya nane nyingine. Chini ya mlima lilisoma 640. Kwenye kona ya tatu 700. Nikaona mshale unaendelea, 715, 720, bila dalili ya kusimama, na gari likiwa na nguvu tamu kuliko wakati wowote. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna mlio, hakuna harufu, wala taa inayowaka. Asiye na kipimo angeendelea kukanyaga kwa furaha. Niliinua mguu, nikapunguza gia, nikaegesha kwenye eneo la kutazamia Ziwa Manyara, nikaiacha injini iungurume taratibu dakika tatu ili oili ipoze shafti ya tabo kabla ya kuzima. Kisha nikafungua boneti na kuirudisha skrubu nyuma sehemu moja ya nane, kwa kitambaa mkononi kwa sababu kila kitu kilikuwa kinaunguza. Haijasogezwa tangu siku hiyo.

Wanaonijia sasa kuuliza, na wapo, huuliza bei ya tabo. Ninawaambia kwamba mimi nilipanga shilingi milioni 1.2 na nikamaliza kwenye milioni 3.4, na kwamba katika fedha hizo tabo nzima ni sehemu ndogo. Huwaonyesha kwanza lile bomba la kurudishia oili, lilivyo nene na linavyoshuka, na huwaomba waliguse. Kijana mmoja wa Usa River aliondoka akiwa amekasirika kidogo, akidhani ninamficha siri. Alirudi baada ya miezi miwili na moshi wa buluu, tukalala chini ya gari lake pamoja.

Kitu kimoja bado sijakiweza. Stadi ya nyuma kabisa, ya silinda ya sita, iliyo karibu na ukuta wa kabini mahali ambapo spana haigeuki zaidi ya jino moja, inalegea kila baada ya kilomita kama 3,000, na ninaijua kwa ule mlio wa chi-chi-chi wa asubuhi. Nimejaribu washa ya kukaza, nimejaribu nati mbili. Nadhani mkono wa chuma unaobeba uzito wa tabo umefungwa kwa ukali mno, unaizuia manifodi isirefuke kwa upande ule, na stadi ndiyo inayolipa. Mkerezaji amenikatia mkono mwingine wenye tundu refu badala ya la duara, nimeuchukua jana. Jumamosi nitaifungua.